Fisi wa Ukurasa wa Ngapi? Kumtengenezea Mtoto Maleba ya Mhusika Anayempenda

Mtoto akisimama mbele ya cherehani yangu akaniambia, "Anti, nataka kuwa Fisi," namuuliza, "Fisi wa ukurasa wa ngapi?" Akishindwa kujibu namrudisha nyumbani akasome kwanza. Akija tena na kitabu mkononi, kidole kimebana ukurasa, hapo ndipo nachukua mkasi.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Walukuba, Jinja. Baba alikuja kufanya kazi katika kiwanda cha nguo, na majirani zetu walitoka kila upande: Wasoga, Waganda, Wasamia, Walugbara, Wajaluo. Watu wazima walielewana kwa Kiswahili, nasi watoto tukakua nacho. Kwa hiyo Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, naichukua kama sikukuu yangu mwenyewe. UNESCO iliitangaza Novemba 2021, na mwaka uliofuata baraza la mawaziri la Uganda likaidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima kuanzia shule za msingi. Shuleni kwa binti yangu siku hiyo watoto huja wamevaa kama wahusika wa hadithi walizosoma. Uingereza wana desturi hiyo Alhamisi ya kwanza ya Machi, na UNESCO ina siku yake ya vitabu Aprili 23 tangu 1995, lakini Aprili watoto wetu mara nyingi wako kwenye mitihani au wamefunga shule. Julai ni katikati ya muhula wa pili. Nafasi ipo.

Mwaka wa kwanza nilikosea, na kosa lile ndilo lililonifundisha namna ninayofanya leo. Nilimtengenezea mwanangu wa kwanza kichwa kizima cha simba, cha magazeti na uji wa muhogo. Usiku nne sikulala vizuri. Asubuhi manyunyu yakatukuta kwenye boda, uji ukalainika, taya la simba likaning'inia. Hilo niliweza kulivumilia. Lililoniuma ni pale mwalimu alipomuuliza, "Simba alimwambia nini Sungura?" Mwanangu akanitazama mimi. Kitabu nilikisoma mimi, picha nilizitazama mimi, yeye alivalishwa tu.

Mwaka huohuo mtoto wa jirani hakwenda shule kabisa. Barua ilitaka "mavazi kamili ya mhusika," na mama yake anauza samaki wa kukaanga jioni. Mavazi kamili angeyatoa wapi? Nilimwona yule binti amekaa mlangoni na sare yake ya kila siku, kitabu mapajani. Kitabu alikuwa nacho. Alikuwa amekisoma.

Basi utaratibu wangu ni huu. Kaeni chini wawili, wewe na mtoto, akusomee yeye. Msimamishe kila mhusika anaposhika kitu, anapobeba kitu, anapopoteza kitu. Mwishoni muulize: katika vitu hivi, kipi kikiondolewa hadithi haiendi? Hicho ndicho utakachotengeneza. Kimoja. Nguo nyingine ziwe zilezile alizo nazo, hata sare ya shule. Nimeona mtoto mwenye kitu kimoja sahihi akitambuliwa na darasa zima kabla hajafungua mdomo, na mwenye vitu kumi akiulizwa yeye ni nani.

Kama nyumbani hakuna kitabu cha Kiswahili, na hapa mtaani nyumba nyingi hazina, kuna tovuti ya African Storybook yenye hadithi fupi za watoto za bure, kwa Kiswahili na kwa lugha zetu nyingine kama Luganda. Unaruhusiwa kuzichapa. Mimi huchapisha moja kwa mtu wa fotokopi, naishona mgongoni kwa uzi, inakuwa kitabu.

Nianze na rahisi kuliko wote, Abunuwasi. Karibu kila mtoto anakijua kisa chake cha sufuria: aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria kidogo ndani, akasema imezaa. Jirani akapokea vyote kwa furaha. Siku nyingine akaazima tena, sufuria haikurudi. Imekufa, alisema, na kitu kinachozaa si ajabu kikifa. Mtoto avae kanzu, kofia ya baba yake, abebe sufuria ndogo ya chai yenye kikombe cha bati ndani. Umemaliza. Hujatumia hata shilingi. Ila sufuria iliyozoea mkaa isugueni kwa majivu jioni yake, nje na chini, maana masizi yakigusa kanzu nyeupe hayatoki upesi.

Sungura ndiye anayeombwa zaidi, na masikio yake ndiyo yanayowashinda wazazi. Yanalala. Kufika wakati wa mapumziko mtoto ana vipande viwili vya boksi vinavyomfunika macho. Tatizo haliko kwenye gundi. Liko kwenye namna boksi lilivyokatwa, kwa hiyo hapa nitakwenda polepole.

Chukua boksi gumu, la sabuni au la mafuta ya kupikia. Litazame kwenye ukingo: katikati ya karatasi mbili utaona mifereji midogo imepangwa mstari. Jaribu kulikunja. Kufuata mifereji linakunjika kirahisi. Kuikatiza linakataa, na ukilazimisha linavunjika. Kumbuka jambo moja tu: mtoto akishavaa, mifereji yote isimame wima, ya masikio na ya ukanda wa kichwani. Kwenye masikio inakuwa mifupa. Kwenye ukanda inaruhusu boksi lizunguke kichwa bila kuvunjika.

Zungusha uzi kichwani mwa mtoto, juu kidogo ya nyusi, upime uzi huo kwa rula. Mtoto wa miaka saba au nane mara nyingi huwa karibu sentimita 52. Toa nane, nafasi ya lastiki kisogoni. Ukanda wako basi uwe na urefu wa sentimita 44 na upana wa 4. Masikio yawe na urefu wa sentimita 24 kila moja, upana wa 7 pale yanapotanuka, ncha iwe ya mviringo. Sentimita nne za chini zitakaa nyuma ya ukanda, kwa hiyo yatakayoonekana ni 20. Nimejaribu marefu kuliko hayo. Yanagonga mlango na yanayumba mtoto akikimbia.

Boksi tupu linaonekana boksi. Tafuta fulana nyeupe ya mivumba, yaani mitumba, ile iliyochakaa shingoni lakini mgongo wake mzima. Weka sikio juu ya kitambaa kilichokunjwa mara mbili, chora kwa chaki ukiacha sentimita moja na nusu kila upande, kata. Kama unataka sehemu ya ndani iwe ya waridi, shonea kipande hicho sasa, kabla hujafunga. Kisha shona pembeni, uache chini wazi, geuza, uvishe sikio kama unavyovisha mguu soksi. Fulana inavutika, inabana vizuri bila gundi. Ukanda nao uuvishe kitambaa.

Sasa kuunganisha. Mimi natumia shazia, ile sindano ya kushonea magunia, na uzi wa nailoni. Kila sikio litobolewe tundu nne pamoja na ukanda, upitishe uzi kama unavyoshona kifungo, mara tatu. Fundo libaki upande wa nje. Likiwa ndani litamkwaruza mtoto kichwani na atavua kila dakika. Lastiki ikate sentimita tisa: mbili zishonewe huku, mbili kule, zibaki tano zitakazovutika kufika nane. Mpe mtoto ayavae, aruke mara kumi. Yakibaki kichwani, kazi imekamilika.

Halafu urudi kitabuni, maana masikio peke yake ni ya sungura yeyote. Sungura aliyewavutisha kamba Tembo na Kiboko, kila mmoja akidhani anavutana na Sungura, huyo ana kamba begani. Kata kamba ya katani mita moja, basi, isije ikamkwaza. Sungura wa kitabu kingine anabeba kitu kingine. Mtoto atakwambia.

Gundi ya uji wa muhogo siichukii, nakataa tu kuitumia pale penye uzito au penye hatari ya mvua. Kwa kubandika karatasi juu ya karatasi ni nzuri na haina gharama: kijiko kimoja cha unga kwa vijiko vitano vya maji, koroga kwanza kwa maji baridi, kisha moto mdogo mpaka weupe upotee na uji ung'ae. Kitu ulichokibandika ukitundike juu usiku, maana panya na mende wanaupenda uji huo kama wanavyopenda chakula kingine.

Kobe ninampenda mimi mwenyewe, kwa sababu gamba lake tayari liko jikoni. Ni ungo. Chagua mdogo, wa sentimita 40 hivi, usiozidi mabega sana. Mkubwa hautamruhusu mtoto kukaa kwenye benchi na wenzake. Pitisha leso mbili zilizosokotwa kwenye ukingo wa ungo, zivaliwe kama mikanda ya begi la mgongoni. Sasa mabaka ya gamba. Wengi wanachora miraba kama ya daftari la hesabu, lakini kobe halisi ana mpango wake: mabaka makubwa matano kwenye mstari wa katikati, na manne kila upande. Kumi na matatu. Mwache mtoto ayahesabu mwenyewe anapoyapanga, atalijua jambo hilo maisha yake yote. Mimi hukata mabaka hayo kwenye magome makavu ya mgomba, yale Waganda wanayaita byayi. Rangi yake tayari ni ya kobe, mengine ya dhahabu, mengine karibu meusi. Yalowanishe kidogo kwanza, makavu yanapasuka ukiyachoma sindano. Yapigie bandi, mishono mirefu iliyolegea ya kufumuliwa baadaye.

Fisi anahitaji umbo kuliko rangi. Mtazame kwenye picha: miguu ya mbele mirefu, mabega juu, mgongo unateremka kuelekea mkiani. Tengeneza kamto kadogo ka vibaki vya vitambaa, ukubwa wa kitabu cha shule, ukashonee ndani ya sweta la kahawia, kati ya mabega. Kata mabaka meusi kwenye soksi kuukuu, uyapige bandi mgongoni. Mtoto akiinama kidogo tu, Fisi huyo hapo.

Kwa Kintu na Nambi, mume na mke wa kwanza katika hadithi za Waganda, kuna jambo la heshima nataka niliseme. Watoto wanapochora Kintu wanamvika lubugo, nguo ya gome la mutuba, na ni sahihi. UNESCO imeitambua kazi hiyo ya Waganda kuwa urithi wa binadamu. Lakini kwa majirani zangu lubugo ndiyo nguo inayomfunika marehemu anapozikwa. Siwezi kuikata vipande kwa ajili ya mchezo wa asubuhi moja, hata kama sokoni inauzwa kwa mikoba na kofia. Nachukua shuka kuukuu la pamba. Lita mbili za maji, vijiko vinne vikubwa vya majani ya chai, chemsha mpaka iwe nyeusi, ongeza kijiko cha chumvi, tumbukiza shuka likiwa limelowa, uliache saa nzima, ulikaushe kivulini. Linatoka na rangi ya udongo wenye wekundu kwa mbali. Lazima liwe la pamba. Kama una shaka, chomoa uzi mmoja uuchome: pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini, poliesta inayeyuka na kuganda kama punje ngumu, na chai haitaishika.

Nambi hana haja hata ya shuka hilo. Kama tunavyosimuliwa, Gulu, baba yake Nambi wa mbinguni, aliwaonya wasirudi nyuma, na Nambi akarudi kwa sababu ya ulezi wa kuku wake. Ndipo Walumbe, Kifo, akawafuata duniani. Basi Nambi ana kibuyu cha ulezi na kuku kwapani. Kuku awe wa soksi iliyojazwa vibaki, upanga wake wa kichwani uwe wa kitenge chekundu. Kuku hai nilimwona shuleni mara moja. Alitetemeka asubuhi nzima, na sitaki kumwona tena. Mtoto mmoja alinijia akitaka kuwa Walumbe, mama yake akashtuka. Nilimshauri awe Kayikuuzi, ndugu yao Nambi na Walumbe aliyetumwa kumkamata Walumbe na kuchimba ardhi akimfuata. Jembe la boksi, mpini wa fimbo. Akakubali, kwa sababu Kayikuuzi naye ana sehemu kubwa.

Kuhusu nguo moja sina mjadala: madoadoa ya jeshi. Hadithi ikiwa na askari, usinunue kitambaa hicho, usikate, usimvalishe mtoto hata kofia yake. Sheria ya jeshi letu ya 2005 inakataza raia kuvaa sare za jeshi, na Jinja ni mji wa kambi. Askari wa hadithini avae shati la kijani la kawaida na filimbi shingoni.

Barakoa za uso mzima nimeziacha pia. Mtoto anavuka barabara kwenda shule, anahitaji kuona kulia na kushoto. Na uso wake ndio unaoigiza. Ukiufunika umemnyima nusu ya mchezo. Sharubu na pua nyeusi zichorwe kwa mkaa uliosagwa laini sana, uchekechwe kwenye kitambaa chepesi, uchanganywe na mafuta ya kupakaa ya mgando. Jaribu sehemu ndogo ndani ya mkono wake jana yake. Ngozi ikiwasha, acha. Majivu yasipakwe usoni, yanachoma ngozi. Rangi ya mafuta ya ukutani na kalamu zisizofutika ndiyo kabisa. Na kavera, mfuko wa plastiki, isikaribie kichwa cha mtoto kwa sababu yoyote.

Yule binti wa mlangoni nilimkumbuka mwaka wote. Juni ilipofika nikamwita, nikamuuliza anapenda kitabu gani. Akaleta kilekile, hadithi ya msichana anayekwenda kuteka maji kisimani kabla ya shule. "Anti, lakini yeye havai kitu," aliniambia, "anavaa kama mimi." Tukasoma. Ukurasa wa sita msichana anasokota ngata ya majani ya mgomba, kwa sababu siku hiyo dumu ni zito kuliko siku zote. Tukaenda nyuma ya nyumba tukakata jani bichi, tukalipitisha juu ya moto wa mkaa kidogo lilainike, akasokota mwenyewe. Alisokota haraka kuliko mimi. Tukachukua kijerikeni cha lita tatu, kitupu.

Siku yenyewe mwalimu anawapanga watoto, kila mmoja anatoka mbele na kusema "Paukwa!" Wenzake wanaitika "Pakawa!" Kisha anasoma ukurasa wake, ule tuliouchagua, si zaidi. Waombeni walimu wenu wafanye hivyo. Ukurasa mmoja kila mtoto unatosha, na darasa la watoto 60 linaweza kugawanywa siku mbili tatu. Binti yule alitoka na sare yake, ngata kichwani, jerikeni juu ya ngata, mikono yote miwili kwenye kitabu. Alisoma ukurasa wa sita mpaka mwisho na jerikeni halikutikisika.

Jioni maleba yanarudi yalikotoka. Masikio ya Sungura yafungieni kwenye karatasi, yalazwe, yasikunjwe. Mdogo wake atayataka. Kamto ka Fisi kanarudi kwenye gunia langu la vibaki. Ungo wa Kobe mpeni mtoto mwenyewe aufumue bandi kwa wembe wa fundi ukiwa umemshikia mkono, baka moja moja, kumi na matatu, kisha aufute kwa kitambaa kilicholowa aurudishe jikoni. Mchele wa usiku huo bado unasubiri kupepetwa.